Manda hadi New York: saa ya Mama haikuguswa

Alhamisi, Lamu

Tufe la shule nimeliomba kwa usiku mmoja tu. Wanafunzi wangu wa jiografia wamelizungusha miaka na miaka hadi Bahari ya Hindi imechubuka, na Lamu yenyewe haimo. Nikatia nukta ya kalamu mahali pake, nikaliweka mezani.

Mama alikuwa mkekani akikunja kanga za kumpelekea dada yangu, ambaye amejifungua huko Jersey City, ng'ambo ya mto ukitoka New York. Arobaini ya mtoto ni wiki ijayo, na Mama alishaapa kwamba mjukuu hatatimiza arobaini bila kuonwa na nyanya yake. Habari za visa naziruka. Zilituchosha vya kutosha zilipokuwa zikitokea.

"Ni mbali kama wapi?" akaniuliza.

Swali hilo ni la mara ya nne tangu tikiti zipatikane. Mara tatu za kwanza nilimjibu kwa kilomita, naye akanitazama kama mtu anayelipwa kwa pesa za nchi asiyoijua. Babake alikuwa nahodha. Alipeleka boriti Ghuba, na nyumbani kwao umbali haukuhesabiwa kwa kilomita: ulienda na kusi, ukarudi na kaskazi, na aliyechelewa kuondoka alingoja msimu mwingine. Masafa yalikuwa ni upepo.

Leo nimemjibu kwa uzi. Nilichukua uzi wa kushonea kofia, nikabana ncha moja kwa pini Nairobi na nyingine New York, nikauvuta hadi ukakaza juu ya tufe. Uzi uliokazwa hauna upendeleo, hutafuta njia fupi wenyewe. Ukapita juu ya Uganda, ukakata Sudan Kusini, ukaingia Chad, ukagusa Niger, ukavuka jangwa la Aljeria, ukatokea Moroko, ukaruka visiwa vya Azores katikati ya Atlantiki, ndipo ukashuka New York.

Mama aliinua miwani. "Mbona uzi wako wenda kibla? Marekani si iko yua linakotwea?"

Kwetu Lamu, kibla na kaskazini ni kitu kimoja. Makka iko karibu kaskazini tupu ya mji wetu, ikiegemea magharibi kwa kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho. Basi swali lake lilikuwa swali la kweli: kama twenda magharibi, kwa nini tuanze kwa kupanda kaskazini magharibi?

Nikamshushia ramani ya ukutani, ile ya karatasi. Ukipiga rula juu yake kutoka Nairobi hadi New York, mstari unapita Nigeria na Mali, na jicho linaapa kwamba hiyo ndiyo njia iliyonyooka. Si kweli. Njia hiyo ya rula ni ndefu kuliko ya uzi kwa karibu kilomita 350, kwa sababu dunia ni mviringo, na karatasi ilibidi inyooshwe kwa nguvu ili ilale ukutani. Rubani haruki juu ya karatasi.

Kisha nikampa hesabu ya babake. Maili ya baharini, ile wanayohesabia manahodha na marubani hadi leo, si kipimo cha kubuni. Ni dakika moja ya digrii juu ya mgongo wa dunia, mita 1,852. Uzi wetu umefunika kiasi cha digrii 106 na nusu kati ya 360 za duara zima. Zidisha kwa 60: ni karibu maili 6,390, au kilomita 11,840. Hapo ndipo Mama alipotikisa kichwa. Jahazi zuri, alisema, lenye upepo wa kuridhisha, huenda maili sita kwa saa. Akanyamaza kidogo. "Siku arobaini na kitu, basi. Kama bahari ingekuwa haina nchi kavu ndani yake."

Nilipohesabu, zilitoka siku 44.

Jambo moja lililonishangaza mimi mwenyewe: kutoka uwanja wa Manda moja kwa moja hadi New York, kama kungekuwa na ndege kichaa ya namna hiyo, ni kama kilomita 12,230. Kupitia Nairobi hakutuongezei hata kilomita 90. Kwa uzi, Nairobi iko njiani. Kwa saa ni habari nyingine, lakini hilo sikulijua bado.

Ijumaa, Lamu hadi Nairobi

(Saa zote humu ni za Kiswahili, isipokuwa pale nitakaposema vingine. Na mtu wa Nairobi asiniambie nimekosea.)

Tuliondoka nyumbani saa nne asubuhi. Jirani mmoja alituuliza ni safari gani hii ya kuikimbia sala ya Ijumaa. Mama akamjibu kwamba musafiri ana ruhusa yake, na kwamba ndege haina adabu ya kungoja hotuba. Hamali alitangulia na mkokoteni, sisi nyuma kupitia Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, tukisimama kila hatua kumi kwa sababu kila mlango una mtu wa kuagwa. Kutoka kwetu hadi gatini ni mwendo wa dakika nane. Tulitumia arobaini.

Uwanja wetu wa ndege uko kisiwa kingine. Wageni hulipenda sana jambo hili: kuvuka bahari kwa boti ili kupanda ndege. Sisi tulilizoea zamani. Maji yalikuwa yamejaa na kaskazi inavuma, boti ikaruka kidogo katikati ya mkono wa bahari, na mizigo ikapata chumvi yake ya kwanza. Dakika kumi tuko Manda.

Ndege ya Nairobi ilikuwa ya saa saba. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Hakuna aliyetuambia kitu isipokuwa "inakuja". Mama alikaa chini ya kivuli akivuta tasbihi, akanikumbusha kwamba babake aliwahi kungoja upepo Mombasa siku kumi na saba. Mimi nilikuwa nikihesabu: tukifika saa kumi, tukitoka uwanja wa Wilson saa kumi u nusu, foleni... Niliacha kuhesabu.

Tuliruka saa nane u nusu. Ndege ya mapanga, abiria wamejaa, dirishani Mto Tana umejikunja kama kamba iliyotupwa. Kutoka Manda hadi Wilson ni kilomita 465 hivi kwa mstari ulionyooka, na tulizimaliza kwa saa moja na robo.

Sasa sikilizeni. Kutoka Wilson hadi Uwanja wa Jomo Kenyatta, ambako ndege kubwa hutokea, ni kilomita 13 kama kunguru anavyoruka. Tena ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mishahara imeingia, Nairobi nzima iko barabarani. Tulitumia saa moja na dakika arobaini na tano. Dereva alijitahidi, akapita vichochoro, akatutolea habari za siasa ili tusione muda. Nusu saa nzima tuliangalia bango moja la biashara ya godoro. Mama aliuliza kama hapa ndipo Marekani yenyewe ilipo mbali.

Kilomita 465 kwa dakika 75. Kilomita 13 kwa dakika 105. Nimefundisha "kasi ni masafa gawanya kwa muda" kwa miaka kumi na tisa, na sikuwahi kuwa na mfano mzuri kama huo. Muhula ujao nautumia.

Uwanjani tulifika magharibi inaingia. Ukaguzi wa ndege za Marekani ni wa zaidi ya mara moja, na katika mmojawapo Mama alipoteza chupa yake ya achari ya embe, aliyoikataa kuiweka kwenye sanduku kubwa asije akaimwaga juu ya kanga. Chochote cha majimaji kinachozidi mililita 100 hakipandi na abiria. Kijana wa ukaguzi alimwambia kwa upole, "Shikamoo mama, ndiyo sheria." Naye akajibu, "Marahaba. Basi ile wewe, usiitupe." Sijui alifanya nini nayo. Halwa ilisalimika, kwa kuwa ilikuwa sandukuni.

Tulikaa kungoja hadi karibu saa sita usiku. Tikiti inasema Ijumaa. Mama, kama wazee wote wa pwani, anasema ni usiku wa Jumamosi, maana kwetu siku huanza jua linapotua. Kwa hiyo tulisafiri siku mbili tofauti, viti vyetu vikiwa vimegusana.

Usiku wa Jumamosi, angani

Kwa nini usiku? Nilikuwa nikidhani ni kwa ajili ya abiria kulala. Iko sababu nyingine, na inahusu Nairobi yenyewe. Uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi, na ndege iliyobeba mafuta ya saa kumi na tano ni nzito kama deni. Mabawa yanahitaji hewa ya kuegemea. Usiku wa Nairobi una baridi, hewa inashiba kidogo, njia ya kurukia ina zaidi ya kilomita nne, na ndege inainuka. Manda, iliyo karibu na usawa wa bahari, ina hewa nzito ya kutosha, ila haina njia ndefu namna hiyo.

Njia hii ya moja kwa moja si ya zamani. Marekani iliruhusu mashirika ya Kenya kurukia kwake baada ya mamlaka yao ya anga kuipa Kenya daraja la kwanza la usalama, Februari 2017, na Kenya Airways ikaanza safari ya Nairobi hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo ilikuwa lazima upitie kwa watu: Amsterdam, London, Dubai. Dada yangu alipokwenda mara ya kwanza alilala kwenye viti vya Amsterdam saa tisa. Saa tisa za kungoja, si saa tisa za usiku. (Kiswahili nacho.)

Tuliondoka ardhini saa sita kasoro dakika kumi. Ndege ni Boeing 787, yenye marubani wanne wanaopokezana, kwa kuwa binadamu hawezi kushika usukani kwa muda huo wote. Hewa ya ndani hushikiliwa kana kwamba uko kimo cha mita 1,800 hivi, hata ndege inapokuwa kilomita 11 juu. Yaani mwili wako unadhani bado uko Nairobi. Wangu ulijua hauko.

Kiti cha mbele yangu kilikuwa na skrini yenye ramani, nami sikutazama kitu kingine. Kindege kidogo cha rangi nyeupe, mkia wa mstari nyuma yake, kikipanda kaskazini magharibi sawasawa na uzi wangu. Si sawasawa kabisa: marubani hupewa njia mpya kila usiku kulingana na upepo na nchi ambazo anga yake haipitiki, kwa hiyo mstari ulijikunja hapa na pale. Lakini Chad ilikuwepo, na Aljeria ilikuwepo, na haikwisha. Mtu anayedhani Afrika ni ndogo na aketi saa sita na zaidi akiiruka kwa karibu kilomita 800 kwa saa, aone bado iko chini yake.

Mama aliamka juu ya jangwa, akataka kujua kibla kiko wapi sasa. Nikamwonyesha kwenye skrini. Tulipoondoka Nairobi kilikuwa mbele kuliani. Sasa kilikuwa kinarudi nyuma yetu, kikizunguka kadiri tunavyokwenda, na tungefika New York kikiwa mkiani kabisa. Alikaa akilifikiria jambo hilo. Isha alikwisha kuisali Nairobi pamoja na magharibi, kwa hiyo lililobaki lilikuwa alfajiri, na alfajiri ndiyo iliyokataa kuja.

Hili nilikuwa nimelisoma, lakini kulisoma na kulikalia ni mambo mawili. Ukiruka magharibi usiku unakimbizana na giza. Jua linakuja nyuma yako, nawe unalikimbia. Halishindwi, ila linachelewa. Saa ya Mama ilifika kumi na mbili na nusu, wakati ambapo Lamu jua limekwisha kutoka na mkate wa mofa umekwisha kununuliwa. Nje weusi. Saa mbili, weusi. Saa nne, watoto wetu wako mapumziko ya shule ya Jumamosi ya madrasa, nje nyota. Wahudumu walitembeza chai watu wasijue waiite ya nini. Saa sita mchana ya Lamu, adhuhuri inakaribia kule, huku nimeegemeza kichwa dirishani naiona Atlantiki imezimwa kama taa.

Mweupe wa kwanza ulionekana karibu saa nane mchana ya kwetu, nyuma ya bawa la kushoto. Mama alisali kitini. Kibla kilikuwa nyuma ya kiti chake na mkanda umefungwa kwa amri. "Mola ajua niko wapi," alisema, "hata kama mimi siyui."

Niliuhesabu usiku ule baadaye. Jua lilitutwea Nairobi kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, na jua lililofuata lilitutokea New York. Kati yao saa ishirini na nusu. Umri wangu ni miaka hamsini na mbili na sijawahi kuona usiku kama huo, na yule aliyezoea Ramadhani atanielewa nikisema jambo la kwanza nililowaza ni daku.

Jumamosi, New York

Tulitua saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi kwa saa ya pale. Saa kumi na nne na dakika hamsini angani. Gawanya: kasi ya wastani ni karibu kilomita 800 kwa saa, kwa ndege ambayo hewa ikitulia hukaribia 900. Tofauti hiyo ni upepo, na nitairudia.

Uhamiaji, saa moja na nusu. Afisa wa forodha aliuliza kama tuna chakula, nikamtajia halwa, akauliza ni kitu gani. Kuieleza halwa kwa Kiingereza, saa hiyo, baada ya usiku huo! Akafungua, akanusa iliki, akafunga.

Nje baridi ilitushika kama mdai. Mama alikuwa amevaa buibui, sweta mbili, na koti la mume wa dada aliyekuja kutupokea. "Nyumbani ni karibu tu, kaka," dada alikuwa ameniambia kwa simu. Karibu tu ilikuwa ni saa moja na dakika ishirini za barabara, madaraja na foleni. Wilson ina ndugu huko.

Mlangoni kwa dada tulifika saa tatu u robo tatu asubuhi ya kwao, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Tangu mlango wa Lamu hadi mlango wa Jersey City: saa 31 na dakika 45. Katika hizo, zilizokuwa za kuruka ni 16 na dakika tano. Nusu nyingine ya safari yetu ilikuwa ni kukaa, kupanga mstari, kuvuliwa viatu, na lile bango la godoro. Safari ndefu kuliko zote za ndege za abiria zilizopo sasa, Singapore hadi New York, ina kilomita zaidi ya 15,300 na huchukua karibu saa kumi na nane na nusu. Ningependa kujua abiria wake hutumia saa ngapi kufika uwanjani.

Mama alipewa mjukuu. Hapo sina la kuandika.

Jumapili hadi Jumatano

Mwili ulibaki Lamu. Saa kumi na moja jioni nilikuwa siwezi kufumbua macho, na saa nane za usiku niko macho makavu nikisikiliza friji. Husemwa kwamba mwili hudai kama siku moja kwa kila saa uliyoivuka, na sisi tumevuka nane. Mama hakulalamika. Alisema ni neema, hajawahi kuamka kwa tahajudi kwa wepesi hivi.

Jua lao la msimu huu ni la aibu. Linatoka saa moja na dakika kumi, na saa kumi na moja na dakika kumi limekwisha tua. Magharibi saa kumi na moja! Kwetu magharibi haiendi mbali na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na ndiyo maana saa za Kiswahili zina akili: mchana ni kumi na mbili, usiku ni kumi na mbili. Hapa hesabu hiyo inavunjika, na ndipo nilipoelewa kwa nini wenzetu wanaanzia kuhesabu usiku wa manane, mahali ambapo hakuna kinachotokea.

Shemeji alimwambia Mama airekebishe saa yake ya mkononi. Mama alikataa. Saa hiyo ni ya marehemu Baba, na imewekwa Kiswahili: mshale uko juu ya mbili, basi ni saa mbili. Haijawahi kuguswa na haitaguswa kwa sababu ya nchi ya watu.

Siku ya Jumatatu, tukinywa chai, alitazama saa ya ukutani ya dada, akatazama ya mkononi, akaita. "Mwanangu, ndoo uone. Hii yangu imezidi mbili tu."

Nilitaka kumwambia kwamba tofauti ni saa nane. Kisha nikanyamaza, nikahesabu. Lamu iko mbele ya New York kwa saa nane wakati wa baridi. Saa ya Kiswahili iko nyuma ya saa ya kizungu kwa sita. Nane toa sita ni mbili. Saa ya Kiswahili iliyotoka Lamu, ukiivaa New York wakati wa baridi, unatoa mbili na umepata saa ya ukutani. Mimi mwalimu sikuwa nimeliona. Kuanzia hapo Mama alijua saa ya kwao kwa kutoa mbili na saa ya kwetu kwa kuitazama tu, na shemeji, ambaye simu yake inaonyesha miji sita, alikuwa akimuuliza yeye.

(Wakija kusogeza saa zao mbele mwezi wa Machi, tofauti itakuwa moja. Sikumwambia.)

Alhamisi, ukingoni mwa Mto Hudson

Upepo mkali, theluji ya jana imegeuka barafu chafu. Tulisimama dakika kumi tu kutazama majengo ya ng'ambo, na nikamwambia Mama kwamba sisi si wa kwanza kutoka pwani yetu kufika katika maji haya. Tarehe 30 Aprili 1840 meli ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, iitwayo *Sultana*, ilitia nanga New York, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Na'aman. Ilikuwa imepitia Unguja, ikazunguka rasi ya kusini mwa Afrika, ikapanda Atlantiki. Ilibeba pembe za ndovu, karafuu, tende, mazulia na ngozi. Watu wa mji walijazana bandarini kuitazama, na mchoraji Edward Mooney akamchora Ahmad bin Na'aman na kilemba chake.

"Walichukua muda gani?"

Kutoka Unguja, karibu miezi mitatu.

Mama alitazama maji. "Basi hao ndio waliosafiri," akasema. "Sisi tumetupwa."

Ijumaa, mtaa wa 96

Nilitaka kusali katika msikiti wa mtaa wa 96, Manhattan, kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za kuta zake. Ulifunguliwa mwaka 1991. Mitaa ya Manhattan imepangwa kama ubao wa sataranji, ila ubao wenyewe umegeuzwa digrii 29 kutoka kaskazini. Majengo yote yanatii mitaa. Msikiti haukutii: umegeuzwa digrii nyingine 29 ili uelekee Makka, kwa hiyo umesimama mshazari kwenye kona yake kama mtu aliyegeuka kuitikia alipoitwa.

Ukifuata kibla hicho unaelekea kaskazini mashariki. Na hapo panawasumbua wengi. Makka iko kusini kuliko New York. Kwenye karatasi ya ukutani ungeelekea mashariki na kusini kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza Mama tukitoka. Nilikuwa na karatasi na kalamu mfukoni.

Sikupata nafasi. Tulipokutana nje baada ya sala, akivaa glovu za binti yake, alisema, "Ni ule uzi."

"Uzi gani, Mama?"

"Uliovuta mezani. Ulipanda yuu ndipo ukashuka. Na hawa wanapanda yuu." Akachora kwa kidole hewani, upinde mmoja kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia. "Ndia fupi yapinda."

Wiki tatu baadaye, kurudi

Ya kurudi si mengi. Tuliondoka New York saa sita u nusu mchana, tukatua Nairobi saa nne na dakika ishirini asubuhi ya kesho yake. Saa kumi na tatu na dakika hamsini: kilomita zile zile, pungufu ya saa nzima.

Abiria wa kiti cha jirani, kijana mwerevu wa mambo ya kompyuta, alinieleza kwamba ni kwa sababu dunia inazunguka. Nilisikia kengele ya darasani. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kama ingekuwa hivyo anavyodhani, tungechelewa kwenda mashariki, si kuwahi. Tena hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo kama ngalawa iliyomo majini. Kinachofanya kazi ni upepo. Kimo cha kilomita kumi hivi, katika latitudo za New York na Ulaya, kuna mkondo wa hewa unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Wakati wa kwenda unaupanda, wakati wa kurudi unakubeba. Ndio kusi na kaskazi wa huko juu, tofauti ni kwamba huu hauna msimu wa kugeuka. Siku zote ni bora kurudi kwetu kuliko kwenda kwao. Mama alipenda sehemu hiyo.

Usiku nao ulilipa deni. Jua tuliliona likizama upesi upesi juu ya Atlantiki, na likachomoza juu ya Chad kabla sijamaliza kupanga mto wangu. Haukufika saa tisa.

Nairobi, safari hii tuliunganisha ndege pale pale Jomo Kenyatta. Wilson sikutaka hata kuisikia. Saa nane u robo tatu tuko Manda, jasho la kwanza baada ya wiki tatu, harufu ya mwani na dizeli. Maji yalikuwa yamekupwa, ngazi za jeti zina utelezi, na nahodha wa boti akasema tungoje wenzetu wawili. Tukangoja nusu saa. Upepo ulikuwa bado ni kaskazi.

Katikati ya mkono wa bahari adhana ya alasiri ilianza, msikiti mmoja ukitangulia, mingine ikifuata kama kawaida yao ya kutokubaliana. Mama alivuta ukono wa buibui akatazama saa. Kumi kasoro dakika kumi.

"Haikupotea hata kidogo," akasema, akanipa mkoba nimshikie.